Shemeji ananiletea kopa usiku, na mimi siulizi inatoka wapi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala. Kwa miaka sita nimekuwa nikipika vitumbua asubuhi na kuviuza mbele ya nyumba tunayopanga. Mume wangu anaendesha bajaji ya mtu kwa hesabu ya kila siku, na bajaji ikilala gereji, nyumba nzima inategemea vitumbua. Mwaka jana mchele ulipopanda bei nikaanza kununua skrepa, yaani vyuma chakavu. Nilianza na chaga za kitanda cha chuma kilichovunjika na sufuria mbili za jirani, nikaona zinalipa. Nikanunua mizani ya kuning'iniza, nikaifunga kwenye mwembe wa uani.

Watu wa mtaa wamezoea sasa. Mchana nikishaosha vyombo vya vitumbua wanakuja na vipande vya nondo, majiko mabovu, rimu za baiskeli, betri za pikipiki. Nikijaza namwita kijana wa guta, tunapeleka yadi, kwa wanunuzi wakubwa. Chuma cha kawaida kilo moja inaniachia shilingi 200 hivi. Si nyingi, lakini ni pesa ambayo zamani haikuwepo.

Miezi mitatu iliyopita mdogo wake mume wangu alikuja saa nne usiku na kiroba begani. Akasema, "Shemeji, nipimie." Ndani kulikuwa na kopa, yaani waya wa shaba nyekundu, imechomwa mpaka imekuwa nyeusi, bado inanuka plastiki. Kilo 9. Akasema imetoka saiti anakofanya kibarua. Nikamlipa 11,000 kwa kilo, yadi wakanipa 15,000. Baada ya wiki mbili akaleta kilo 12, halafu 14. Nimepiga hesabu, mizigo hiyo mitatu imeniachia faida ya 140,000. Kwa chuma cha kawaida ningehitaji kununua na kuuza kilo 700 ili nifike hapo. Pesa hiyo imenunua sare na viatu vya watoto wawili, na deni la dukani limeisha.

Sitakuficha, Shangazi. Ile mara ya tatu moyo wangu ulikuwa umeshajua. Waya ule si wa nyumba. Ni mnene kama kidole cha mwisho, umesukwa kwa nyuzi nyingi, na vipande vyote vimekatwa urefu mmoja, kama kutoka kiwiko hadi vidoleni. Mwishoni pamepondeka kama pamepigwa shoka. Chini ya kiroba nikakuta kipande cha ganda jeusi ambalo halikuungua. Nilikishika nikakiangalia, nikakitupa, sikuuliza. Wiki ileile mtaa wa pili walikaa gizani siku tatu, ikasemekana nyaya zimeibiwa. Sisemi ni yeye. Lakini tangu siku hiyo pikipiki ikisimama nje usiku, nashtuka.

Jumatano iliyopita ameleta tena, kilo 18. Nikamwambia sina pesa. Akasema, "Uza tu, utanipa," akaondoka. Kiroba kiko chini ya kitanda changu. Mume wangu nilipomweleza alisema, "Wewe ni mnunuzi, siyo polisi." Mama mkwe naye amesikia, anasema nimeanza kujiona, kijana wake anahangaika mimi namtilia shaka. Na shemeji huyu, Shangazi, ndiye aliyekesha na mume wangu hospitali mwaka juzi, akauza simu yake tukanunua dawa. Nikimkataa nitamtazamaje? Nikiendelea, naogopa.

Kuna na mengine. Mwanangu wa kwanza ana miaka 11. Ameona ninavyonunua, sasa akitoka shule yeye na wenzake wanapita mitaroni na majalalani kutafuta skrepa, halafu wananiuzia mimi mwenyewe. Mwanzo nilifurahi kuona anajituma. Juzi amechomwa na msumari mguuni. Nimkataze au nimwache ajifunze kazi? Pia naona kama yadi wananipunja: nikipima nyumbani kilo 60, kwao inakuwa 52, wanasema mizani yangu mbovu. Na betri nimeziweka stoo, pale ninapoweka mchele na mafuta, ili zisiibiwe. Kuna mtu kaniambia nizimwage yale maji ya ndani kabla ya kuuza. Ni sawa?

Sitaki kuacha kazi hii. Imenipa heshima ndani ya nyumba yangu.

Mama Vitumbua, Mbagala

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniambia mpaka yale ambayo mwingine angeyaficha, kwa hiyo nami nitakujibu bila kuzunguka.

Nianze na hilo la heshima, maana najua wapo wanaopita hapo kwenu wakaona rundo la vyuma uani wakakunja pua. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na watoto wangu wamesomeshwa na chuma ambacho mtu mwingine alikwishakitupa. Nilikuwa nampelekea chakula cha mchana, nikikaa kwenye pipa la mafuta lililopinduliwa nawaona wenzake wakiyeyusha alumini kwa moto wa mkaa, wanaimimina kwenye mchanga, inatoka sufuria. Alumini inakubali kwa sababu huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 tu. Chuma kinadai kama 1,500, ndiyo maana chako kinakwenda mpaka viwandani, kikatoke nondo. Nondo iliyoshika zege la darasa la watoto wako inawezekana ilikuwa jiko bovu la jirani. Kazi uliyoichagua ni kazi kamili, na sitakuambia uiache.

Sasa kopa.

Mume wako amesema wewe ni mnunuzi, siyo polisi. Mwambie kwa upole kwamba sheria haijamweka mnunuzi pembeni. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 311, inamshika anayepokea mali huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibiwa. Kifungu cha 312 kinamshika aliyekutwa na kitu kinachoshukiwa kuwa cha wizi akashindwa kueleza alikipataje. Soma tena barua yako: umekadiria unene wa waya, umepima urefu wa vipande, umeona alama za shoka, umeshika ganda mkononi ukalitupa. Hakimu akikuuliza ulikuwa na sababu ya kushuku au hukuwa nayo, utamjibu nini? Na mali ikigundulika kuwa ni ya miundombinu ya umma, kesi huweza kufunguliwa kama ya uhujumu uchumi, ambako hata dhamana ina masharti mazito. Kiroba kiko chini ya kitanda chako, mwanangu. Akija mtu kupekua, atakayetoka na pingu ni wewe, na watoto wako wamesimama mlangoni.

Niwe mwadilifu kwa shemeji yako pia. Siyo kila kopa nyeusi ni ya wizi. Mota ya pampu ikiungua, fundi anaitoa kopa yake ikiwa nyeusi vilevile, na ni halali kabisa. Lakini ile ni nyembamba, nyuzi zake kama za mshipi wa kuvulia samaki, imejikunja kwa umbo la mota. Nyaya zinazobaki kwenye ujenzi wa nyumba za kawaida nazo ni nyembamba, na zinatoka vipande vifupi vya kila namna, na ganda lake la rangi. Waya mnene kama kidole, wa kusukwa, uliokatwa vipande sawasawa kwa shoka na kuchomwa usiku, ni waya uliotolewa mahali ulipokuwa unafanya kazi. Anayechoma ganda lote hivyo mara nyingi anaondoa rangi na maandishi yanayoonyesha waya ni wa nani.

Na kuna watu upande wa pili wa waya huo. Chukua ule waya wa kopa unaoshuka kwenye nguzo ya transfoma kuingia ardhini, mafundi wanauita ethi, na wezi wanaupenda sana. Ndio unaoupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Ukikatwa, umeme majumbani unaweza kupanda ghafla ukaunguza friji na televisheni, au ukampiga mtu aliyegusa chuma tu. Zahanati inakosa umeme wa kuhifadhi chanjo. Treni yetu ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 inakwenda kwa umeme. Kata waya mmoja uone watu wangapi watalala njiani.

Hasara inawarudia na waokotaji wenyewe. Wenzetu wa Kenya Januari 2022 walikosa umeme karibu nchi nzima baada ya minara ya umeme kuanguka Nairobi, na serikali ikasema vyuma vyake vilikuwa vimehujumiwa. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu mpaka utaratibu mpya uwekwe. Kwa miezi kadhaa mama kama wewe, aliyekuwa anauza sufuria zilizotoboka na mabati, hakuwa na pa kupeleka mzigo wake. Hakuiba hata skrubu moja, lakini alilipia.

Basi ufanye nini? Kile kiroba usikiuze. Usikizike uani, usimpe kijana wa guta akakitupe, na usimrudishie shemeji kimyakimya usiku, maana kitauzwa kwingine na wewe utakuwa umekisafirisha. Kaa na mume wako kwanza, mkiwa wawili, watoto wamelala. Usianze na mdogo wake. Anza na picha ya polisi chini ya kitanda chenu, halafu mwoneshe waya wenyewe, aushike. Mwanaume anayeendesha bajaji anajua waya wa betri ulivyo na waya wa taa ulivyo. Huu ataujua kwamba si wa nyumba.

Mkishaelewana, mwiteni shemeji mchana, mume wako awepo, na mume wako ndiye azungumze. Swali ni moja: saiti iko wapi, na msimamizi wake ni nani, tumpigie simu? Kama kopa ni halali, msimamizi ataandika karatasi ya mistari mitatu na mambo yamekwisha, na wewe utamwomba shemeji radhi kwa kumshuku. Kama atapandisha sauti, akaanza kusema mambo ya undugu na yale ya hospitali, mmepata jibu. Hapo nendeni kwa msaidizi wa kisheria kabla ya kwenda popote. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 watu hawa wanatambuliwa kisheria na huduma yao ni bure kwa asiye na uwezo. Ulizeni ofisi ya kata au serikali ya mtaa. Atawaelekeza namna ya kukabidhi ule mzigo polisi mkiwa na mwenyekiti wa mtaa, na namna ya kueleza ile mizigo mitatu ya mwanzo. Mwelezeni yote mitatu. Aliyekwenda mwenyewe na aliyekutwa hawasikilizwi kwa sikio moja.

Najua unachoniuliza moyoni: ndiyo nimchongee aliyeuza simu yake kwa ajili yetu? Deni lile ni la kweli, na lilipe. Mpikie, mpe kitanda, mkopeshe mtaji wa kununua skrepa mchana kama wewe, mtafutie kibarua kwa mafundi nitakaowataja hapa chini. Lakini kulilipa kwa kuficha waya wake ni kumsaidia apande nguzo tena. Vijana wanaokata nyaya hizi hufa, mwanangu. Hufa wakiwa juu ya transfoma, na ndugu huitwa alfajiri kuwatambua. Ukimnunulia kiroba cha tano utakuwa umemlipia nauli ya kwenda huko.

Kuhusu mama mkwe, usishindane naye kwa maneno. Tafuta kipande cha bati, upate rangi, uandike na kukipigilia kwenye ule mwembe: hapa hatununui waya uliochomwa, mifuniko ya chemba, vibao vya barabarani, vyuma vya reli, wala mzigo wa usiku, na hatununui kwa mtoto. Likishakuwa tangazo la wote, hakuna atakayesema umemlenga kijana wake. Akikuuliza, mwambie ni sharti la kazi. Wakwe wanawake wengi hawatuelewi tukitoa sababu, lakini sharti wanalielewa.

Halafu ununue kaunta buku. Hili nalisema kwa sababu nililiona kwa macho yangu. Jirani yetu mmoja pale Gerezani alikuwa ananunua rejeta na mota mbovu, na kila mzigo aliuandika: tarehe, aina, kilo, jina la muuzaji, namba ya simu, na muuzaji akichovya dole gumba kwenye grisi akaweka alama yake pembeni. Tulikuwa tunamwona ana mambo mengi. Siku moja polisi walikuja na mtu aliyeibiwa mota ya kisima, wakaikuta kwake. Akafungua lile daftari, kurasa zimeshikana kwa mafuta, akatafuta kwa kidole mpaka akafika. Jina lilikuwepo, namba ilikuwepo, dole lilikuwepo. Mota akaipoteza na pesa yake akaipoteza, lakini jioni alilala kwake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mwenye mali naye anaweza kupotea vilevile.

Unaogopa kwamba bila kopa ya shemeji kipato kitarudi chini. Kitashuka, ndiyo. Lakini kopa halali ipo Mbagala hapohapo, ila hujaifuata, umekaa chini ya mwembe unaisubiri ikufuate. Nenda kwa mafundi wa kusuka mota: kila mota inayosukwa upya inaacha kopa ya zamani, na wengi wao huiweka kwenye ndoo mpaka ijae. Nenda kwa mafundi wa friji na viyoyozi, wana mirija ya kopa na kompresa zilizokufa. Mafundi rejeta. Mafundi bomba wana koki kuukuu za shaba ya njano. Gereji wana pistoni na vichwa vya injini vya alumini. Waambie utapita kila Jumamosi, utalipa taslimu na utawaandikia. Ukifika na mia tano zaidi ya anayepita ovyo, watakuwekea wewe. Hiyo ndiyo kazi ya kumpa shemeji, azunguke kwa mafundi mchana na daftari mkononi.

Na upange mizigo yako. Nahisi unauza vingi kama chuma tu. Omba sumaku kwenye spika iliyokufa, ifunge kamba, uitundike pale kwenye mizani. Inayonasa ni chuma au bati. Isiyonasa simama uiangalie: nyekundu ukiikwaruza ni kopa, njano ni ile shaba ya njano, nyepesi na nyeupe ni alumini, nzito inayong'aa bila kutu huenda ni ile stili ya masinki na vyombo vya hoteli, nayo ina bei yake. Kila aina na kiroba chake. Waya wenye ganda uchune kwa kisu, usiuchome. Kopa iliyochunwa inabaki nyekundu na bei yake iko juu, iliyochomwa inashushwa daraja, na ule moshi wa plastiki una sumu inayokaa kwenye mapafu ya watoto wako na ya jirani.

Mizani ya yadi ni jambo la dakika kumi. Chukua ndoo ya lita 20, pima ndoo tupu kwanza, halafu ijaze maji hadi alama ya 20. Maji hayo ni kilo 20, yako hivyo Mbagala na yako hivyo Mwanza. Mizani yako ikisoma kilo 20 juu ya uzito wa ndoo, iko sawa. Kisha jaza kiroba cha vyuma mpaka kifikie uzito uleule, kishone mdomo, nenda nacho yadi ukaone watasoma ngapi. Angalia pia stika ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani yao, kama ipo na ni ya mwaka huu. Na yako ipeleke ikakaguliwe, maana wewe unawanunulia majirani kwa mizani hiyohiyo. Ukiwa huko ulizia serikali ya mtaa kuhusu kibali. Ukusanyaji na usafirishaji wa vyuma chakavu unasimamiwa na taasisi ya taifa ya mazingira, NEMC, na ni vizuri ujue mapema unatakiwa kuwa na nini kabla rundo halijawa kubwa.

Sasa mtoto. Hapa sitakuambia ufikirie, nakuambia mkataze leo. Kwanza mpeleke kituo cha afya wakaangalie ule mguu na chanjo yake ya pepopunda, hata kama kidonda kimeshafunga. Msumari wa mtaroni hauonyeshi kilichoingia.

Wewe unaishi Mbagala, kwa hiyo tarehe 29 Aprili 2009 huhitaji kusimuliwa, siku ghala la silaha la jeshi lilipolipuka na vyuma vikaangukia majumbani. Gongo la Mboto nako ikatokea Februari 2011. Na Novemba 2017 kule Ngara, mkoani Kagera, bomu lililipuka Shule ya Msingi Kihinga likaua wanafunzi na kujeruhi wengine wengi. Lilikuwa limeokotwa na mtoto aliyedhani ni chuma chakavu cha kuuza. Mtoto wa miaka 11 hawezi kujua kwamba kile kitu kizito chenye kutu mkononi si bomba. Anachojua ni kwamba kizito kina kilo nyingi, na kilo ni pesa, na mama anafurahi. Wewe ndiye mwenye bei, kwa hiyo ukisema hununui kwa mtoto, wa kwako au wa jirani, hawatakwenda mitaroni. Ukiendelea kununua, hata ukiwagombeza kila siku watakwenda.

Akitaka kujifunza kazi, mpe lile daftari. Akitoka shule na kumaliza masomo yake, asome mizani, azidishe kilo kwa bei, aandike. Mpe mia mbili zake. Atakuwa na hesabu nzuri kuliko darasa zima.

Nimeacha la betri mwisho na ndilo lililonifanya niweke barua chini nikatembee kidogo. Mwanangu, betri za gari na pikipiki zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi, na yale maji ni asidi. Ukiyamwaga uani, asidi inachoma na risasi inabaki kwenye udongo wanakocheza watoto. Haiozi, haiondoki na mvua. Mtoto akiimeza kidogokidogo, kwa vumbi la vidoleni, inamharibu akili na damu yake, na hutaona kitu mpaka ameshabaki nyuma shuleni na hujui kwa nini. Pale Mombasa, kijiji cha Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichoanza 2007. Mama mmoja aliyefanya kazi pale, Phyllis Omido, mtoto wake mchanga aliugua sana, na vipimo vikaonyesha risasi ndani ya damu. Alipigana mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na Julai 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Watoto waliopoteza wakati wao hawakurudishiwa.

Wewe unaziweka stoo moja na mchele wa vitumbua.

Kwa hiyo usizifungue na usizimwage. Zisimamishe wima ndani ya beseni la plastiki, nje, mahali pana paa na mtoto hafiki, na uziuze zikiwa nzima kwa mnunuzi anayezichukua zikiwa nzima, hata akikupa kidogo. Iliyopasuka usiinunue kabisa. Ukizishika nawa kwa sabuni mpaka viwikoni, na kanga unayovaa kwenye skrepa usiifue pamoja na nguo za watoto wala usiivae ukipika.

Na leo hii, kabla hujaloweka mchele wa kesho, toa zile betri stoo. Futa sakafu kwa kitambaa kibichi, usifagie, maana ufagio utalirusha lile vumbi. Gunia la mchele lililokuwa limegusana nazo usilipike. Najua bei ya mchele. Usilipike.